Bwana Yangu Anakula Popote

Niliolewa mwaka ule Goma yote ilikula mahindi ya njano. Mutu wa rika langu ukimwambia hivyo, haulizi tena ni mwaka gani. Wakimbizi walikuwa wamevuka mupaka kutoka Rwanda, wengi mpaka barabara ikakosa mahali pa kuweka muguu, na nyuma yao zikaja kamiyo zimejaa mahindi ya ng'ambo, punje kubwa kama meno ya ng'ombe. Kwetu Masisi mahindi ya rangi ile tungewapa kuku, na kuku wenyewe wangetuangalia vibaya. Lakini wakimbizi waliyauza ili wapate chumvi na kuni, bei yake ilikuwa ya bure, na sisi wenyeji tukayanunua huku tukiyatukana. Bukari yake, ule ugali wetu, ilitoka na rangi ya kiini cha yai. Mimi ndivyo ninavyoshika miaka. Kuna mwaka wa mahindi ya njano, kuna mwaka wa sombe, yale majani ya muhogo, bila mafuta, kuna mwaka volkano ilikula soko na tukala viazi vya kuchoma juu ya mawe yaliyokuwa bado ya moto. Shule niliiacha mwaka wa tatu, lakini tumbo langu halijasahau kitu.

Bwana yangu alikuwa askari, kaporali, mutu mufupi mwenye kifua kipana na sauti ya padri. Yeye na wenzake walikuwa wamewekwa kwetu mulimani kulinda barabara. Alikunywa mashanza ya mama yangu, akarudi kuyanywa tena, na mara ya tatu hakuja kwa sababu ya maziwa. Baba alikuwa mufugaji, hakupenda watu wa bunduki.

"Utamulisha nini mutoto wangu? Risasi?"

"Papa, serikali inanilisha mimi, na mimi nitamulisha yeye. Nina rasioni."

Neno lile baba hakulijua. Alifikiri ni aina ya ng'ombe wa bondeni.

"Ziko ngapi?" akauliza.

Bwana yangu hakutaka kumuaibisha mukwe wake, akasema zinatosha. Hivyo ndivyo nilivyoolewa, kwa rasioni ambayo baba yangu mpaka anakufa alikuwa anauliza kama zimezaa.

Nilishuka Goma juu ya kamiyo ya viazi, na sufuria mbili, mwiko, na jibini moja nzima niliyoifunga mu kitenge. Kambi ya askari ilikuwa nyumba za mabati, mustari kwa mustari, juu ya mawe meusi yanayokula viatu. Jirani yangu wa kwanza alikuwa muke wa sajenti, mama wa kutoka Butembo, aliyenizidi miaka kumi. Yule mama angeweza kukuuzia maji umesimama ndani ya ziwa. Alinipa makala ya kuwasha moto, alinionyesha choo, alinionyesha ukuta mumoja mweusi wa moshi ambao sikupaswa kuanika nguo karibu nao. Juu ya ukuta ule mutu alikuwa ameandika kwa chokaa, herufi kubwa: POPOTE. Kusoma nilijua kidogo. Nikasema vizuri, hapa wanaruhusu, nikamwaga pale maji yangu machafu ya kuoshea viazi.

Saa sita ikafika. Nilikuwa nimepika viazi na maharagi, na jibini juu yake. Saa sita ikapita, chakula kikapoa. Nikatoka kumuuliza jirani.

"Mama, bwana yangu hajarudi kula."

Alikuwa anatwanga sombe, hakuinua hata kichwa. "Bwana yako? Yeye anakula popote."

"Popote?"

"Popote, kila siku. Hawa wanaume wote wanakula popote. Wewe kula yako, dada, usingoje."

Mimi nimeolewa wiki mbili! Kwetu popote ni popote: kwa huyu, kwa yule, mulango wowote ulio wazi. Na huyu mama ananiambia bila haya, bado anatwanga, kama vile na wa kwake anafanya hivyo na yeye ameshazoea. Nikachukua sufuria yangu, nikaiweka kichwani, nikavuka kambi nzima nikitafuta mulango huo ni wa nani.

Nilimukuta amekaa nyuma ya ukuta ule mweusi na wanaume wenzake, labda hamsini, kila mutu na gamela yake, sahani ya bati ya askari, juu ya magoti. Katikati kulikuwa pipa zima la maharagi. Nikatua sufuria mbele yake.

"Wewe! Baba yangu amekupa mutoto wake, na wewe unakula popote?"

Aliniangalia, kijiko mukononi. "Ndiyo. Nikule wapi?"

"Na anakubali! Mbele ya watu!"

"Lakini mama, wote tunakula popote. Hata komanda siku nyingine."

"Hata komanda!"

Mupishi wao, muzee aliyebaki na meno manne, akainua mwiko. "Mama, na mimi ndiye ninawapikia. Nifunge?"

Hapo ndipo walianguka. Askari mumoja alicheka mpaka maharagi yakamutoka puani. Ilibidi bwana yangu asimame, anishike mukono, anieleze polepole kwamba popote ni Kifaransa. Ni jina la jiko la askari, sufuria moja ambamo sehemu ya kila mumoja inamwagwa pamoja. Halafu yule muzee wa meno manne akauliza ni nani asubuhi alimwaga maji ya viazi nyuma ya jiko lake. Mpaka leo sijakubali.

Tangu siku ile sikupita mu kambi bila mutu kuniita. "Mama, leo bwana anakula wapi?" Wanawake kwenye maji, askari wa mulangoni, hata katekista. Na mimi, kwa sababu sipendi kushindwa, nilikuwa najibu kwa sauti: "Kwangu!" Haikuwa kweli bado. Lakini nilikuwa nimeshaamua.

Mama wa Butembo ndiye alinifundisha namna rasioni inatembea. Kila askari ana sehemu yake: kopo za unga, kopo za maharagi, mafuta kidogo, chumvi, na siku kuu kipande cha makayabu, samaki wa chumvi. Sehemu ile ina njia mbili. Askari asiye na muke, yake inaenda popote, anakula ya moto na gamela, imekwisha. Mwenye muke anaweza kuomba sehemu yake itoke popote ije mukononi, mbichi, kila wiki mbili. Lakini haiji hivi hivi. Kuna wanaume walikuwa wanadanganya kwamba wana muke, wanapewa unga, wanaenda kuuza na kunywa. Kwa hiyo ajida, yule mukubwa wa chakula, alikuwa anakuja mwenyewe nyumbani kuangalia moto. Walisema hivyo, kuonyesha moto. Muke asiye na moto si muke.

Alikuja kwangu bila kutangaza. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya majivu, akagusa mafiga kama daktari anagusa mutoto mwenye homa. Akainua kifuniko. Nilikuwa na maharagi pale, na kitunguu, na mawese. Akaonja kijiko kimoja. Akaonja cha pili. Cha tatu nikamwambia, "Papa, hayo maharagi yameshathibitisha." Akacheka, akamwambia karani wake: "Andika. Huyu atoke popote." Siku ile nilijiona nimeolewa kweli. Padri alikuwa amefanya ya kwake, lakini ni yule ajida, na kiganja chake cha majivu, aliyeniletea bwana nyumbani.

Na siku ya rasioni! Sijui niwaambie namna gani. Tulikuwa tunaamka kama watu wa harusi. Mifuko inafuliwa jana yake, nywele zinasukwa tukiwa mu mustari, anayesuka anasogea na anayesukwa. Mutu wa magazini, ghala la rasioni, alikuwa anapima kwa kopo, na alikuwa na namna ya kumwaga unga kwa upole, ili ukae juu juu, kopo ijae haraka.

"Papa, tikisa! Huo unga umesimama kama gwaride, uambie ulale!"

"Mama, nimetikisa."

"Umetikisa kichwa! Tikisa kopo!"

Watoto walikaa chini ya meza ya mafuta, wakipokea matone kwa kidole. Tukishapewa tu, biashara inaanza palepale, kwa sababu hakuna nyumba inayoweza kula maharagi wiki mbili bila watu kugombana. Mimi nilikuwa naweka nusu ya maharagi yangu mu beseni, nateremuka mpaka Kituku asubuhi mitumbwi inapoingia, nabadilisha na sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Nilikuwa na rafiki pale, mama wa samaki, hakunipimia hata siku moja, alikuwa anachota kwa mikono miwili na kusema, "Lisha askari wako, labda atatuacha tupite kwa barabara." Kurudi, kama kulikuwa na chukudu ya mutu tunayemujua, beseni inapanda juu ya zile mbao za magurudumu mawili na mimi natembea kando nikishikilia. Sambaza za kukaangwa, sombe ya jirani, bukari yangu. Wanaume walikuwa wanarudi wakifuata harufu, na wale wa popote wanapita polepole mbele ya mulango wetu, gamela mukononi, wakisalimia mara mbili.

Nimekula vizuri zaidi baadaye. Watoto wangu wamejenga, ninakula nyama nikitaka. Lakini chakula chenye kelele nzuri kama ile sijakula tena. Mujukuu wangu mumoja ni askari sasa, na sehemu yake inafika mu telefone. Anapata namba, anasoma, anafurahi. Nikamuuliza: telefone utaitia chumvi? Hakuna mustari, hakuna wa kumwambia tikisa kopo. Anakula peke yake mu kantini, halafu ananiambia amekonda.

Rasioni ilikuwa na sheria zake zingine, na hizi hazikuchekesha. Askari akiwa mugonjwa, sehemu yake inamufuata hospitali. Akifungwa, inakuwa nusu. Akipelekwa vitani, nusu inamufuata na nusu inabaki kwa muke. Akikufa, mujane anapewa sehemu nzima miezi mitatu, halafu jina linakatwa mu lisiti ya majina, na nyumba inapewa mwingine. Na jina likishakatwa kwa kifo, halirudi. Nililiona kwa macho. Askari mumoja wa mustari wetu alikaa hospitali ya mbali mpaka watu wakasema amekufa. Muke wake aliandikwa mujane, akala miezi miwili. Siku moja mutu wetu akatokea na fimbo, muguu umefungwa kitambaa, akasimama mbele ya ajida.

"Niko hapa."

"Ninakuona," ajida akasema. "Lakini mu lisiti umekufa."

Alicheka mwanzoni. Sisi wote tulicheka. Mwaka muzima alikula mu gamela za wenzake, kijiko kwa huyu, kijiko kwa yule, mpaka kicheko kikamuisha, akaenda kuuza makala. Hakuna aliyemukosea, lisiti tu haikuwa na mahali pa kuandika mutu aliyerudi.

Miaka ikaenda. Askari wakabadilishiwa kofia, wakubwa wakabadilika, sisi tukabaki mu mabati yaleyale tukipika. Nikazaa wanne. Halafu ukafika mwaka wa biskuti. Vita vilikuwa vimeshuka kutoka juu, watu wa Rutshuru wakajaa Kanyaruchinya chini ya mahema, na watoto wao wakawa wanauza barabarani zile biskuti ngumu za musaada ambazo tulikuwa tunavunja kwa jiwe na kuloweka mu chai. Bwana yangu, sajenti wakati ule, alipanda kamiyo na wenzake kwenda upande wa Rumangabo. Aliniachia shati lake la kiraia nilifue. Aliniambia, "Ukipika sambaza usizikaushe sana," kama mutu anayeenda sokoni.

Wenzake walirudi baada ya wiki tatu, si wote. Yeye hakuwa nao. Mumoja alisema alimuona ameanguka mu shamba la mahindi. Mwingine alisema hapana, yule aliyeanguka alikuwa murefu. Wa tatu alisema alimuona anaingia mu musitu wa hifadhi, anakimbia. Hakuna aliyeleta kofia yake, wala kadi yake, wala kitu.

Nusu yangu niliendelea kuipata siku mbili za rasioni. Halafu kukaja ajida mupya, kijana, mutu wa adabu, kalamu nyuma ya sikio. Alitangaza kwamba lisiti inasafishwa. Kila jina lisilo na mutu lazima liandikwe moja ya tatu: amekufa, amepotea, ametoroka. Aliyetoroka, jamaa yake inatoka kambini siku ileile. Aliyepotea, nyumba inabaki lakini hakuna unga hata kopo moja mpaka ajulikane. Aliyekufa, muke anabeba sehemu nzima. Na kama hakuna maiti, muke ndiye anasema.

Mama wa Butembo alikuja kukaa kwangu usiku wa kuamkia siku ya kuandikwa. Hakuzunguka.

"Utasema amekufa."

"Umemuona amekufa?"

"Nimeona watoto wako wanaloweka biskuti. Miezi mitatu ya unga, dada. Ndani yake tutafikiri."

"Na akirudi?"

"Akirudi, mutu mwenye miguu miwili atapata kazi."

"Huyu hajui kazi nyingine. Akirudi wamemuua mu lisiti, amekufa kweli. Na mimi ndiye nimemuua."

Alivunja biskuti moja kwa jiwe, akampa mutoto wangu mudogo, na hatukulitaja tena.

Wajukuu wangu tukifika hapa wanaruka: babu alirudi! Ndiyo, alirudi. Mwezi wa nne baada ya lisiti kusafishwa, kwa miguu, ametokea mu hifadhi na ndevu kama za mbuzi, akala sahani tatu kabla ya kusema neno. Jina lake lilikuwepo mu lisiti. Aliripoti, akahojiwa siku mbili, akapewa gamela. Amekufa mwaka juzi, muzee, kitandani mwake, ugonjwa wa watu wote. Na miezi ile minne nilitwanga sombe za watu mpaka mikono ikachubuka, nilibeba samaki Kituku kwa malipo ya samaki, na mama wa Butembo alikuwa anapika sufuria kubwa kuliko jamaa yake na kudai kwamba alikosea kipimo. Tulikonda, hatukufa. Watu wakisimulia habari hii wanapenda kufika pale anapofungua mulango na ndevu zake. Mimi ninapenda siku ya meza ya ajida mupya, kwa sababu siku ile sikujua lolote kati ya hayo, nilijua tu watoto wangu ni wanne na asubuhi ile walikuwa wamekunywa chai tupu.

Meza ilikuwa nje mbele ya magazini. Walikuwa wameshapima sehemu za wajane na kuziweka chini mustari mumoja: mufuko wa unga, maharagi, chupa ya mafuta, na juu ya kila mufuko kipande cha makayabu. Harufu yake niliisikia kutoka mbali. Wanawake wawili mbele yangu walisema "amekufa," wakainama, wakabeba. Mumoja alikuwa analia, mwingine hakuwa na nguvu ya kulia. Siwalaumu hata leo. Wao waliletewa kofia.

Ajida akasoma jina la bwana yangu. Akaniangalia kwa huruma, na akasogeza mufuko kwa muguu, kidogo tu, upande wangu.

"Mama, ninakusaidia. Sema amekufa, ubebe."

"Nani alimuzika?"

"Mama..."

"Ninakuuliza, papa. Nani alimuzika?"

"Hatujui."

"Basi na mimi sijui."

Nyuma yangu mwanamuke akapiga kelele: "Dada, beba unga! Akirudi mutacheka wote wawili!"

"Yule wa fimbo alicheka siku ngapi?" nikamujibu bila kugeuka. Mustari wote ulimukumbuka.

Ajida alikuwa ametoa kalamu nyuma ya sikio. "Una watoto wanne, mama. Imeandikwa hapa."

"Ninawajua, nimewazaa. Andika amepotea."

"Nikiandika amepotea, hakuna unga."

"Mimi si mujane. Chakula cha mujane sikuli."

Alishusha kalamu mezani. Nafikiri alidhani njaa imenivuruga. Akaniambia polepole, kama mutu anayeongea na mugonjwa, kwamba nikiondoka pale hivi ninaondoka na mufuko mutupu, na kwamba nirudie mara ya mwisho mbele ya watu wote, ili kesho nisiseme aliniandika vibaya.

Nilikunja mufuko wangu mara mbili, nikauweka kwapani.

"Mimi si mujane. Chakula cha mujane sikuli."